Barua ya wazi kwa uongozi wa kiwanda chetu cha vipande vya ndege: gundi na raba haviingii kutu

Kwa:
Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Ndugu Meneja Uzalishaji,
Ndugu Meneja Ununuzi na Ugavi.

YAH: VIGEZO NA UKAGUZI WA MALIGHAFI ZISIZO ZA METALI

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Naandika kwa heshima ile ile ninayowapa kila siku kazini, na naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Ripoti za kasoro nilizojaza zilifungwa kwa neno moja, “imeonekana”. Barua niliyoipitisha kwa mkuu wangu wa idara, kama utaratibu unavyotaka, haikujibiwa. Katika kikao cha asubuhi niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba kazi ya mkaguzi ni kuusaidia uzalishaji usikwame. Mkataba wangu hausemi hivyo, na kanuni za usafiri wa anga hazisemi hivyo. Jina la kampuni silitaji, wala la mtu yeyote. Ninachotaka ni stoo yetu, friza yetu na karatasi zetu zirekebishwe na sisi wenyewe, kabla ya kuja kukaguliwa na wachunguzi wa ajali.

Kwa wasomaji wasiotujua: tunatengeneza vipande vya kompositi (nguo ya nyuzi iliyoshikanishwa kwa resini) na vya ndani kwa ajili ya ndege ndogo. Vifuniko vya kupunguza ukinzani wa upepo, milango ya mizigo, paneli za kabini, viti, na pia tunaziba matangi ya mafuta. Ukiondoa riveti, skrubu na bawaba, karibu kila kinachopita mezani kwangu hakina metali ndani yake: nguo ya kaboni au ya kioo iliyokwisha kulowekwa resini, gundi ya utepe, silanti (uji wa kuzibia maungio), oringi (pete za raba za kuzuia uvujaji), mipira ya haidroliki, sponji, vitambaa, akriliki ya madirisha.

Metali ikiwa mbovu, mara nyingi kuna namna ya kuibana ikakiri. Utaona kutu, utaona ufa, utapima ugumu wake kwa mashine ya mkononi na jibu utalipata hapo hapo. Resini iliyokaa kwenye joto kupita kiasi inafanana na resini nzima. Oringi ya raba isiyofaa ni nyeusi, ni ya mviringo, na inakaa kwenye mfereji wake bila shida. Kinachotenganisha nzuri na mbaya ni historia: imetoka bechi gani, imekaa kwenye joto gani, kwa saa ngapi, imepita mikono ya nani. Historia hiyo ikipotea, hakuna mkaguzi anayeweza kuirudisha kwa kutazama. Kilio changu chote ni hicho, na hoja zifuatazo zinaonesha jinsi tunavyoipoteza historia hiyo, kwa mazoea, bila mtu kushtuka.

1. Mnyororo wa baridi unakatika na hakuna anayehesabu

Nguo iliyolowekwa resini huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikitoka kwenye friza, resini inaanza kuiva yenyewe, polepole, hata ikiwa imelala tu mezani. Ndiyo maana mtengenezaji hutoa vipimo viwili vya muda: tarehe ya mwisho ikiwa ndani ya friza, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na jumla ya muda inaoruhusiwa kukaa nje, ambao kwa aina nyingi huhesabiwa kwa siku. Muda wa nje ukishatumika haurudi. Ni kama samaki: ukimwacha ayeyuke kisha ukamgandisha tena, friza haimrudishii ubichi.

Niwaeleze jinsi mzigo wa Februari ulivyotufikia, maana mlioidhinisha matumizi yake hamkuuona. Sanduku lilikaa kwenye ghala la uwanja wa ndege likisubiri ushuru, katika joto la pwani mnalolijua. Nilipolifungua, barafu kavu ilikuwa imekwisha yote, imebaki mifuko yake mitupu. Kirekodi cha joto kilichofungwa ubavuni mwa roli la nguo kilikuwa kinapepesa taa nyekundu. Mfuko wa plastiki ulikuwa umetoka jasho, na kwenye kona moja ulikuwa umetoboka. Pale unyevu ulikuwa umeingia, ukingo wa nguo unang’aa kwa maji. Nikabandika lebo nyekundu ya karantini. Kabla ya saa sita mchana lebo ilikuwa imebanduliwa na roli liko mezani linakatwa. Niliambiwa ndege ya mteja inasubiri milango.

Nilichoomba siku ile hakikuwa kikubwa. Tusome kirekodi. Tujumlishe saa ambazo roli lilikaa kwenye joto. Tukate kipande, tupime resini imeiva kwa kiasi gani, tupike sampuli na kuivunja kwenye mashine, ndipo tuamue. Huenda roli lilikuwa zima. Hatutajua, kwa sababu halikupimwa, na sasa limo ndani ya milango ambayo imekwisha kupakwa rangi.

Mkisema maji kidogo kwenye kona hayana neno, nawaomba mwisome upya ajali ya Aloha Airlines namba 243. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737-200 iliondoka Hilo kwenda Honolulu, huko Hawaii, na ilipofika futi 24,000 paa lake liling’oka, kipande cha takriban mita 5.5 kwa urefu. Mhudumu mmoja alivutwa nje na kufariki. Wengine marubani waliwafikisha chini, wakatua Maui. Ndege ile ilikuwa imeruka mara 89,680, na wengi wetu tulifundishwa kwamba ni kisa cha aluminiamu kuchoka. Ni kweli ilichoka. Ila ukirudi nyuma hadi kiwandani, utakuta kwamba katika ndege 291 za kwanza za aina ile, maungio ya ngozi ya ndege, yaani bamba zake za nje, yalibandikwa kwa utepe wa kitambaa wenye gundi ya epoksi. Utepe huo ulitakiwa ukae kwenye baridi ya barafu kavu mpaka karibu kabisa na kutumika, kisha uive kwenye joto la kawaida la chumba. Ulipotolewa kwenye baridi, unyevu wa hewa ulitua juu yake. Baadhi ya maungio hayakushika vizuri tangu mwanzo. Hewa ya chumvi ikapenya, kutu ikaanza katikati ya bamba, na mzigo ambao gundi ilipaswa kuubeba ukahamia kwenye riveti. Nyufa zilianzia kwenye matundu ya riveti hizo.

Wachunguzi wa Marekani walitaja kama chanzo mpango wa matengenezo wa shirika lile, ulioshindwa kugundua gundi iliyoachia na nyufa zilizofuata. Nakubaliana nao. Lakini sisi si watu wa matengenezo ya ndege iliyofikisha miaka 19 kama ile, sisi ni watu wa siku ya kwanza. Utepe wetu wa gundi unatoka kwenye friza na kuingia kwenye hewa yenye unyevu kama ile ya visiwa vya Hawaii, na mara nyingi mfuko wake unafunguliwa ukiwa bado wa baridi kwa sababu fundi ana haraka. Utaratibu ulioandikwa unasema mfuko ubaki umefungwa mpaka jasho la nje likauke lenyewe. Umebandikwa ukutani, juu ya friza. Naomba uheshimiwe.

Na friza yenyewe. Umeme ukikatika usiku, hakuna anayejua friza ilifika nyuzi ngapi, kwa kuwa kipimajoto chake kinaonesha joto la sasa tu. Daftari la friza linajazwa asubuhi na jioni kwa tarakimu ile ile, wiki nzima, kwa kalamu moja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na friza inayofunguliwa mara kwa mara anajua kwamba joto lake halisimami mahali pamoja hivyo.

2. Vigezo vyetu vya ununuzi havisemi kitu

Mchoro mmoja wa paneli tunaoutumia mpaka leo umeandikwa “kitambaa cha kioo na epoksi inayofaa”. Inayofaa kwa nani? Mwenye kuamua anakuwa mtu wa ununuzi, naye ameletewa proforma tatu na ameagizwa achukue ya bei ya chini. Simlaumu. Amepewa swali la kihandisi bila kupewa jibu lake.

Kigezo cha malighafi ya ndege kinapaswa kutaja aina ya nyuzi na mfumo wa ufumaji, uzito wa nguo kwa gramu kwa kila mita ya mraba, asilimia ya resini, joto na muda wa kupika, nguvu ya chini inayokubalika, na joto ambalo resini iliyoiva huanza kulainika. Hilo la mwisho kwetu lina uzito wa pekee. Epoksi hunywa unyevu, na ikishakunywa, joto lake la kulainika hushuka. Ndege inayolala nje kwenye jua la ikweta, ngozi yake hupata joto kuliko hewa inayoizunguka, na rangi ikiwa ya giza hali huwa mbaya zaidi. Ndege nyingi za kompositi hupakwa rangi nyeupe kwa sababu hiyo. Sisi mwaka huu tumekubali oda ya vifuniko vya bluu iliyokoza bila mtu kuuliza resini ile inalainika kwa nyuzi ngapi. Niliuliza. Jibu lilikuwa kwamba mteja ndiye anayechagua rangi.

Silanti ya matangi nayo ina mkasa wake. Kigezo cha AMS-S-8802 kinagawa silanti kwa herufi: A ya kupaka kwa brashi, B ya kujaza kona, C ya kuweka kati ya bamba mbili zinazobanwa pamoja. Namba inayofuata herufi inasema muda wa kufanyia kazi. B-2 inakupa saa 2. B-1/2 inakupa nusu saa. Muda huo umepimwa kwenye nyuzi 25 na unyevu wa wastani wa maabara, kwa hiyo chini ya bati letu mchana hupungua. Oda yetu ya ununuzi imeandikwa “silanti ya tangi, kopo 12”. Tukaletewa B-1/2. Fundi akawa anapaka kitu kilichokwisha kuanza kushikana, akikisukuma kwa kijiti kiingie kwenye kona. Kwa macho kona ilipendeza. Kona iliyojazwa na silanti iliyoanza kukaza haishiki kwenye bamba, na mafuta yatatafuta njia.

Chanzo cha yote haya nadhani ni kabati. Gundi, silanti, resini na raba tumeviweka kwenye kundi la “vifaa vya matumizi”, pamoja na sabuni, glavu na tambara. Kwa kuwa malighafi za namna hii haziji na hati ile ya kuruhusu kipuri kifungwe kwenye ndege, bali huja na cheti cha ulinganifu tu kutoka kwa mtengenezaji au muuzaji, tumejifundisha kuzihesabu kuwa ni vitu vidogo. Kipuri kinachokuja na hati kamili kina watu wengi waliokikagua kabla yetu. Roli la nguo yenye resini linategemea sisi.

3. Chupa ya oringi

Kwenye rafu ya tatu ya stoo ndogo kuna chupa ya kioo iliyokuwa ya kahawa. Ndani yake kuna oringi zilizotolewa kwenye mifuko yake ya asili na kuchanganywa kwa ukubwa. Mifuko ilitupwa. Pamoja na mifuko zilitupwa namba za bechi, robo ya mwaka raba ilipopikwa, na jina la raba yenyewe.

Raba ya nitraili hufanya kazi vizuri kwenye mafuta mekundu ya haidroliki yatokanayo na petroli, yale ya MIL-PRF-5606. Ukiitia kwenye Skydrol, mafuta ya haidroliki yasiyotokana na petroli, inavimba na kuharibika. EPDM, aina nyingine ya raba, ni kinyume chake: inaishi kwenye Skydrol, lakini kwenye mafuta mekundu inavimba mpaka inatoka kwenye mfereji. Zote mbili nyeusi. Zote mbili zimo kwenye chupa ile, kwa sababu tumehudumia wateja wa mifumo yote miwili. Niliitoa chupa hiyo nikaiweka kwenye kabati la vitu vilivyokataliwa, nikafunga kwa ufunguo. Nilipotoka likizo niliikuta imerudi kwenye rafu.

Na rafu hiyo ipo karibu na mota ya kompresa. Mota za umeme zinazotoa cheche huzalisha ozoni, na ozoni huipasua raba ya nitraili. Kila mwongozo wa kuhifadhi raba unasema iwekwe gizani, mbali na joto na mbali na mota. Kuihamisha rafu hakuhitaji bajeti. Wanahitajika vijana wawili na nusu saa.

4. Cheti cha moto cha kitambaa kingine

Vitambaa vya viti na paneli za kabini havikubaliwi kwa uzuri wake. Katika jaribio la vitambaa la kanuni za Marekani kwa ndege za abiria, kipande huning’inizwa wima na kuchomwa kwa mwali sekunde 12. Mwali ukiondolewa, wastani wa sehemu iliyoungua usizidi inchi 8, sawa na sentimita 20, moto uzimike ndani ya sekunde 15, na matone yanayoanguka yasiwake zaidi ya sekunde 5.

Kitambaa tunachoshonea sasa kimebadilishwa rangi na kimebadilishwa gundi ya mgongoni. Cheti tulichonacho ni nakala ya cheti cha kitambaa cha zamani, imetolewa kopi mpaka mhuri umekuwa doa. Muuzaji anasema ni “kile kile”. Kitambaa kikiwa na gundi tofauti si kile kile mbele ya moto, wala kitambaa juu ya sponji mpya si sawa na kitambaa peke yake.

Mtaniambia muuzaji wetu ni kampuni yenye jina. Koito Industries ya Japani ilikuwa na jina. Februari 2010 ilibainika kwamba ilighushi matokeo ya majaribio ya viti vyake, yakiwemo ya moto. Vilikuwa viti vipatavyo 150,000 kwenye ndege zipatazo 1,000 za mashirika 32. Novemba 2017 Mitsubishi Materials ilikiri kwamba kampuni yake tanzu, Mitsubishi Cable, ilibadilisha takwimu za bidhaa za raba za kuzibia, na baadhi ya wateja wake walikuwa watengenezaji wa ndege. Sisemi kwamba muuzaji wetu ni mwongo. Nasema jina lake haliwezi kukaa mahali pa jaribio.

Tena hata jaribio lililofaulu kihalali linaweza lisitoshe. Swissair namba 111, ndege ya MD-11 iliyotoka New York kwenda Geneva tarehe 2 Septemba 1998, iliungua angani na kuanguka baharini karibu na pwani ya Nova Scotia, watu 229 wakafa. Moto ulienea kwenye jalada jembamba la plastiki lililofunika blanketi za kuzuia joto na kelele. Jalada hilo lilikuwa limefaulu jaribio la mwali la wakati wake. Ndipo mwaka 2003 Marekani ikaweka jaribio kali zaidi kwa blanketi hizo. Wao walilifanya jaribio, ila jaribio lenyewe halikutosha. Sisi hata hilo la sekunde 12 hatujalifanya kwa kitambaa kipya, na banda la kulifanyia tunalo.

5. Sampuli za ushahidi zimeachwa

Zamani kila kipande kikubwa kilipikwa pamoja na vipande vidogo vya majaribio: nguo ile ile, roli lile lile, tanuri lile lile. Baadaye tulivivunja na kuandika nguvu iliyopatikana. Tangu mwaka jana vimeondolewa “kupunguza muda”, na badala yake tunategemea kugonga kwa sarafu na kusikiliza mlio, na mashine ya mawimbi ya sauti.

Meneja Uzalishaji, nakuomba hapa unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Mashine ya mawimbi inaona nafasi tupu. Inaona tabaka zilizoachana, inaona kiputo. Haioni gundi iliyogusa bila kushika. Tabaka mbili zikiwa zimelaliana vizuri lakini zimeshikana kwa sehemu ndogo ya nguvu inayotakiwa, mawimbi yanapita kama kawaida na skrini inaonesha kijani. Hakuna kifaa cha karakanani leo kinachopima nguvu ya gundi bila kuivunja. Kwa hiyo nguvu inathibitishwa kwa njia mbili tu: kuulinda mchakato wote kuanzia kwenye friza, na kuvunja sampuli iliyopita njia ile ile. Ya kwanza nimeeleza hali yake. Ya pili mmeiondoa.

6. Mhuri wangu

Mhuri wa ukaguzi wa mapokezi una namba, na namba ile ni mimi. Nimekuta karatasi za mizigo zilizogongwa mhuri siku ambazo sikuwepo kazini. Sina la kuongeza hapo.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia.

Kwamba hatujawahi kupata ajali. Maungio ya ile 737 ya Hawaii nayo yalivumilia miaka 19. Gundi dhaifu haivunjiki siku ya kukabidhi ndege, na kutokuwepo kwa ajali kiwandani kwetu hakuthibitishi chochote kuhusu mlango uliotoka Februari.

Kwamba ushuru na umeme haviko mikononi mwetu. Kweli kabisa. Lakini kuagiza barafu kavu ya ziada, kumpa wakala wa forodha nyaraka kabla ndege ya mzigo haijatua, na kununua kirekodi cha friza chenye betri yake viko mikononi mwetu. Na mzigo ukifika umeyeyuka, kuukataa kuko mikononi mwetu pia.

Kwamba ni ndege ndogo tu. Hizi ndege ndogo ndizo zinazobeba wagonjwa kutoka vijijini, watalii kwenda mbugani, walimu na watoto kwenda visiwani. Rubani wake mara nyingi yuko peke yake. Sioni kwa nini abiria wa viti 12 astahili gundi ya daraja la chini kuliko abiria wa viti 180.

Kwamba gharama ni kubwa. Hili nalijibu kwa upole, maana najua mishahara yetu imetoka wapi miezi migumu. Roli likitupwa ni hasara, tena hasara ya fedha za kigeni. Hata hivyo roli tunalolitupa likiwa bado roli ni bei ya roli. Likishakuwa milango, likafungwa, likauzwa, kulirudisha ni bei ya milango, ya ndege iliyosimama, ya mwanasheria, na ya cheti chetu cha idhini. Watu wa fedha wapige hesabu hiyo wenyewe, siwapangii.

Ninachoomba ni haya, na nimeyaandika ili kila moja liweze kujibiwa ndiyo au hapana:

(a) Milango yote iliyotokana na roli la Februari izuiwe pale ilipo, rekodi ya kirekodi cha joto itolewe, na kipande kilichobaki cha roli, ambacho nimekihifadhi kwenye mfuko uliofungwa ndani ya friza, kipimwe na maabara isiyo yetu.

(b) Kila malighafi isiyo ya metali iwe na karatasi ya vigezo yenye namba, imesainiwa na mhandisi, na oda yoyote isiyotaja namba hiyo irudishwe. Maneno “inayofaa” na “au mfano wake” yafutwe kwenye michoro.

(c) Chumba cha karantini chenye ufunguo, na ufunguo ubaki idara ya ubora. Uamuzi wa mkaguzi wa kukataa mzigo utenguliwe na Meneja Ubora peke yake, kwa maandishi yenye sababu na saini.

(d) Kirekodi cha friza, kadi ya muda wa nje kwa kila roli, na sampuli za ushahidi zirudi mara moja.

(e) Chupa ya oringi iharibiwe mbele ya mashahidi, na mifumo yote iliyofungwa oringi kutoka humo iorodheshwe na wateja wajulishwe.

(f) Kitambaa kipya kisishonwe mpaka kichomwe kwenye banda letu pamoja na gundi na sponji yake.

(g) Uchunguzi wa matumizi ya mhuri wangu.

Kipengele cha (a) na cha (e) haviwezi kungoja kikao cha robo mwaka. Vingine nakubali kwamba vinahitaji ratiba, na niko tayari kukaa na idara ya ununuzi baada ya saa za kazi kuandika hizo karatasi za vigezo, nyingi nimekwisha kuziandaa rasimu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitapeleka ripoti zangu, pamoja na picha za lebo na kirekodi, kwa mamlaka ya usafiri wa anga kupitia utaratibu wa kuripoti kwa hiari masuala ya usalama, utaratibu ambao nchi wanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanatakiwa kuwa nao na kuulinda. Ningependelea mzipeleke ninyi, kwa jina la kiwanda, kwa kuwa anayejiripoti mwenyewe husikilizwa tofauti. Ripoti zote ziko kwenye faili la bluu mezani kwangu, zimepangwa kwa tarehe.

Wenu katika kazi,

Mkaguzi wa mapokezi ya malighafi,
Idara ya Ubora.

Nakala: Meneja Ubora, Kamati ya Wafanyakazi.